Mkataba ni Mfupi, Magoti ni Yale Yale

Ukiwa na futi sita na nusu, hapa Mwanza hupandi daladala bila konda kukutazama kuanzia viatuni hadi kichwani na kukuuliza kama unacheza kikapu. Ukijibu ndiyo, swali la pili linakufikia kabla hujakaa: "Sasa unasubiri nini huku? Mwenzako Thabeet si alikwenda Marekani?"

Makala haya ni ya kijana huyo, ya dada yake anayecheza pia, na ya wazazi wao. Nimekaa jioni nyingi pembeni ya viwanja vya Mirongo nikitazama vijana wanaoruka juu kuliko wenzao wengi wanaolipwa nje. Mruko wanao. Wasichokuwa nacho ni picha kamili ya kazi wanayoitamani. Kucheza kikapu ughaibuni ni ajira ya mikataba mifupi, yenye makaratasi mengi, na kila mwisho wa msimu unaweza kuambiwa asante na kwaheri. Anayejiandaa kwa kazi ya namna hiyo hudumu. Anayejiandaa kwa umaarufu peke yake hurudi mapema, na mara nyingi hurudi na deni.

Msome Thabeet mpaka ukurasa wa mwisho

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwezi Februari 1987. Aliushika mpira wa kikapu akiwa amekwisha kuvuka utoto, akapitia shule ya Makongo, kisha akaenda kumalizia sekondari Houston, Texas. Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Katika msimu wake wa tatu chuoni, huyu bwana wa mita 2.21 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizima kwa kila mchezo. Tarehe 25 Juni 2009 klabu ya Memphis Grizzlies ilimchukua akiwa chaguo la pili kwa wachezaji wote wa mwaka huo. Aliyemtangulia ni Blake Griffin peke yake. James Harden alichukuliwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba.

Wengi wetu tunakifunga kitabu hapo na kupiga makofi. Mafunzo yamo kwenye kurasa zinazofuata. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimteremsha ligi ya maendeleo kwa Dakota Wizards. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Mwaka uliofuata alihamishiwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City, alikokaa hadi 2014. Kwa jumla alicheza michezo 224 ya NBA. Baada ya hapo akazunguka tena ligi ya maendeleo, akaenda Yokohama, Japani, msimu wa 2017/18, na mwaka 2020 akahamia Taiwan.

Wapo wanaosema alishindwa. Hebu hesabu miaka. Kuanzia 2009 hadi 2020 na zaidi, mtoto wa Dar es Salaam alikuwa bado analipwa kwa kucheza kikapu, kwenye nchi tatu na klabu lukuki. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa chaguo la pili la mwaka mzima, wewe ambaye utaanzia chini zaidi jiandae kuhama zaidi. Begi lako lisiwe zito.

Mlinganishe na Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, anayetoka upande wa Congo unaozungumza Kiswahili kama sisi. Akiwa kijana alicheza Yemen, akavuka kwenda Hispania kwa klabu ya Fuenlabrada, na mwaka 2011 akachaguliwa wa saba NBA. Hakuwa mfungaji hodari. Alijua kulinda goli, kupigania ribaundi na kumwekea mwenzake kizuizi, na kazi hizo chache zilimweka NBA zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2022 alitoa mshahara wake wote wa msimu ule, aliolipwa na Phoenix Suns, ili ijengwe hospitali Congo kwa kumbukumbu ya baba yake. Hapa pana ushauri wangu wa kwanza wa uwanjani: uwe na kazi moja ambayo kocha akiitaja, jina lako linamjia. Klabu ya nje haitafuti mtu wa kufanya kila kitu nusunusu. Inaziba pengo.

Milango, na ule ulio karibu zaidi

Mlango ambao kila mtu anautaja ni wa masomo Marekani. Ni mlango mzuri, maana hata goti likikataa, shahada inabaki. Felmas Koranga wa Kenya aliupitia: alisoma na kucheza Chuo Kikuu cha Troy, Alabama, na kuichezea timu ya taifa ya wanawake ya nchi yake. Jonathan Kuminga wa Goma alivuka mwaka 2016 akiwa bado mtoto, na mwaka 2022 alikuwa bingwa wa NBA na Golden State Warriors.

Lakini mlango huo una bawabu mkali. Vyuo vya daraja la kwanza vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, vinadai masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani wa alama usiopungua 2.3. Saa yako nayo huanza kuhesabiwa ukimaliza shule. Miaka miwili mitatu ya kuzurura ligi za mtaani baada ya kidato cha nne au cha sita inaweza kukulia misimu ya kucheza chuoni. Ukishindwa daraja la kwanza, usikate tamaa: viko vyuo vya miaka miwili ambako wengi huanzia, wakarekebisha alama na Kiingereza, kisha wakapanda.

Halafu kuna viza. Mwezi Desemba 2025 Marekani iliiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vikwazo vya viza, za wanafunzi zikiwemo. Amri kama hizi hubadilika, kwa hiyo kabla hujalipa senti yoyote ulizia hali ya wiki hiyo kwa ubalozi wenyewe, usiulizie kwa mtu wa kati.

Kwa sababu hiyo nawaambia vijana wa Kanda ya Ziwa wageuze shingo kidogo upande wa magharibi. Kigali iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, basi halipangi tena foleni ya kivuko. Ligi ya Afrika ya kikapu, BAL, ilianzia Kigali Mei 2021 ikiwa na timu 12, na klabu za Rwanda zimezoea kusajili wageni. Kampala kuna City Oilers, walioshiriki BAL mwaka 2023 na 2024. Nairobi wana ligi ya siku nyingi. Kote huko Mtanzania anaingia bila viza, na Kiswahili chako hakikutupi. Mishahara si ya Ulaya, ila utapata kitu ambacho Mirongo haiwezi kukupa: michezo iliyorekodiwa, takwimu zilizoandikwa na mtu mwingine, na jina kwenye kumbukumbu ambazo kocha wa mbali anaweza kuzifungua.

Timu ya taifa nayo ni dirisha. Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae alitupa mpira wa sekunde ya mwisho, Kenya ikaifunga Angola 74 kwa 73, na baada ya miaka 28 ikarudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika. Ongwae alikwisha kuwa mchezaji wa kulipwa Ulaya, aliyechezea Bakken Bears ya Denmark, lakini mtupo ule ulionekana na watu ambao ligi ya Denmark haiwafikii. Ukiitwa kambini, nenda, hata kama posho imechelewa.

Makaratasi kabla ya mazoezi

Nitasema jambo litakalowachekesha makocha: cheti cha kuzaliwa ni sehemu ya mazoezi. Vijana wengi wa visiwani na vijijini kandokando ya ziwa wamefika kidato cha nne bila cheti cha RITA, au wana majina matatu tofauti kwenye karatasi tatu. Ubatizo unasema hivi, shule inasema vile, NIDA nayo ina lake. Kasoro hiyo hapa nyumbani inavumilika. Kwenye dirisha la ubalozi ni mwisho wa safari.

Linganisha majina na tarehe kwenye cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, vyeti vya NECTA na pasipoti. Pasipoti ni shilingi 150,000, unalipa kwa kontroo namba, na inadumu miaka 10. Iombe sasa, kabla hujaitwa na mtu. Nimeona nafasi ya majaribio ya wiki mbili ikipita kwa sababu kijana alikuwa bado anatafuta barua ya mtendaji wa mtaa.

Umri usiuguse. Wapo wanaokushauri upunguze miaka miwili ili uonekane chipukizi. Rekodi zako za UMISSETA, za shule na za timu za vijana zinabaki, na siku zikigongana utafungiwa kwa kosa lililofanywa ukiwa mtoto. Urefu nao useme ukweli, umepimwa bila viatu. Kocha atakupima siku ya kwanza, na sentimita nne za uongo zitamfanya atilie shaka na yale ya kweli.

Tengeneza video mbili. Moja iwe fupi, dakika tatu au nne, yenye mambo unayoyafanya vizuri. Ya pili iwe mchezo mzima, haujakatwa, namba yako ya jezi ikionekana. Kocha mzoefu huiruka ile fupi. Anataka kuona unafanya nini ukipoteza mpira: unarudi mbio kulinda, au unamlalamikia mwamuzi?

Mwili, kwa macho ya mtu wa pwani ya ziwa

Klabu yoyote makini itakupima afya kabla mkataba haujaanza kufanya kazi. Ukianguka hapo, mkataba hauna thamani. Yako mambo matatu ya kwetu ambayo vijana hawaambiwi.

La kwanza ni seli mundu. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye watoto wengi wanaozaliwa na vinasaba hivyo. Mtu anaweza kubeba kinasaba kimoja, akawa mzima kabisa maisha yake yote, kisha akawa hatarini akikimbizwa kupita kiasi bila maji. NCAA inataka hali yako ijulikane kabla ya kucheza. Kubeba kinasaba hakukufungii mlango. Kutojua ndiko kunakoua. Kapime.

La pili ni kichocho. Kama umekulia Igombe, Ukerewe au Sengerema ukioga ziwani, uwezekano upo. Kina dawa, na ni bora kitibiwe hapa, ambako daktari anakijua, kuliko kugunduliwa kwenye nchi ambako daktari atalazimika kukisoma kwanza kitabuni.

La tatu ni moyo. Watu warefu sana wana sababu ya ziada ya kupimwa moyo na mshipa mkuu wa damu, kwa kuwa upo ugonjwa wa kurithi unaoambatana na urefu na vidole virefu. Hospitali ya Bugando iko juu ya kilima unachokiona kila siku. Panda.

Kisha magoti. Viwanja vyetu vya saruji vinatoza kodi kila unaporuka. Usifanye mazoezi ya kuruka kila siku kwa kuwa tu una hamu. Siku tatu kwa wiki zinatosha, siku nyingine fanya mitupo na chenga, na baadhi ya mbio zako zipeleke kwenye nyasi au mchanga. Mikataba utabadilisha mingi, lakini magoti utakwenda nayo hayo hayo kila nchi.

Chakula hakihitaji kopo la unga lenye picha ya msuli. Dagaa, sato, mayai, maharage, viazi vitamu na maziwa vimewalea watu wenye nguvu kandokando ya ziwa hili. Unga wa kopo usioujua una hatari nyingine: ukiwa na dawa iliyokatazwa, kipimo hakitakuuliza kama ulijua.

Wakala, na karatasi unayotia saini

Simu ikiingia kutoka namba ya ng'ambo, mtu akasema amekuona mtandaoni, ana klabu Uturuki au Dubai, na anachohitaji ni wewe kutuma "ada ya usajili" kwa simu, kata simu. Katika kazi hii halali, fedha hutoka klabu kwenda kwa mchezaji, na wakala hulipwa baada ya wewe kupata kazi. Ada za viza na vipimo hulipwa kwenye ofisi zinazohusika na unapewa risiti. Familia zimeuza kiwanja Buswelu kwa ajili ya klabu zisizokuwepo.

Wakala wa kweli ana leseni ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye orodha ya FIBA yenyewe. Ukomo wa ujira wake ni asilimia 10 ya mshahara. Akitaka 30, hata kama ni kaka wa rafiki yako, huyo ni mkulima aliyekuona wewe ni shamba. Na kama unalenga chuo cha Marekani, usisaini na wakala yeyote kabla hujajua athari zake, kwani saini moja inaweza kukuondolea hadhi ya kucheza chuoni.

Mzazi, kama mwanao hajatimiza miaka 18, elewa kwamba kanuni za FIBA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa watoto isipokuwa kwa sababu maalumu. Anayekuambia "hayo tutayamaliza huko huko" anapanga kumwacha mwanao bila leseni ya kucheza kwenye nchi ya watu. Na mchezaji wa umri wowote anayehama nchi anahitaji barua ya kuruhusiwa kutoka shirikisho lake, kwa hapa TBF. Usiondoke na ugomvi na klabu yako. Huenda ukahitaji saini yao.

Mkataba ukifika, usiusome peke yako usiku kwenye simu. Mpelekee wakili, na uulize maswali haya. Mshahara uliotajwa ni kabla ya kodi au baada? Unalipwa miezi mingapi? Nyumba, tiketi ya kwenda na kurudi, na bima ya matibabu ni juu ya nani? Nikiumia mazoezini, mshahara unaendelea? Wanaweza kunikata katikati ya msimu, na wakinikata wananidai au ninawadai? Nikitaka kuondoka mapema, fidia ni kiasi gani? Biyombo mwenyewe alipokwenda NBA, suala la fidia ya kuvunja mkataba wake na Fuenlabrada lilizua mgogoro kabla ya kumalizwa. Mwisho, hakikisha kuna kifungu kinachosema migogoro itaamuliwa na BAT, baraza la usuluhishi wa kikapu lenye makao Geneva. Bila kifungu hicho, klabu isipokulipa utadai kwenye mahakama ya mji wao, kwa lugha yao, ukiwa umekwisha kurudi Mwanza.

Ukienda kwa majaribio tu, tiketi ya kurudi iwe mkononi kabla hujapanda ndege. Pasipoti isikae kwa meneja "kwa usalama". Acha nakala ya kila karatasi kwa mama.

Fedha: miezi minane hulisha kumi na miwili

Tuchukue mfano. Umepata klabu inayokupa dola 1,500 kwa mwezi baada ya kodi, kwa msimu wa miezi minane. Hizo ni dola 12,000. Kama asilimia 10 ya wakala inatoka kwako, zimebaki 10,800. Zigawe kwa miezi 12, maana hata msimu ukiisha unakula: ni dola 900 kwa mwezi. Mshahara wako wa kweli ndio huo. Ukiishi kama mtu wa dola 1,500, hutafika mwezi wa tisa bila kukopa.

Nyumbani hawajui hesabu hiyo. Watakapokuona kwenye picha umevaa jezi na theluji nyuma, simu za harusi, misiba na ada zitaanza. Kusaidia ni wajibu, sibishi. Lakini panga mapema kiasi cha kutuma kila mwezi, mpe mtu mmoja wa familia kazi ya kukigawa, na wewe ubaki kuwa mchezaji. Kinachobaki kiweke mahali usipoweza kukigusa kwa simu moja ya usiku, kama hatifungani za serikali au vipande vya UTT AMIS. Mtumbwi wa dagaa ni biashara nzuri kwa anayelala mwaloni. Kwa mtu aliye Belgrade ni hadithi za kwenye simu, leo injini, kesho nyavu.

Utakapokuwa huko

Ukisajiliwa nje, unachukua moja ya nafasi chache za wageni. Mzawa akicheza vibaya wiki tatu, anavumiliwa. Mgeni akicheza vibaya wiki tatu, anatafutiwa tiketi. Fika mazoezini wa kwanza, jifunze maneno 50 ya lugha yao mwezi wa kwanza, na usijifungie chumbani na simu ya nyumbani. Upweke wa Desemba kwenye mji wa baridi umewarudisha vijana wengi kuliko majeraha. Tafuta Waswahili wa mji huo, kanisa au msikiti, na mtu mmoja wa klabu, hata mfua jezi, wa kula naye.

Na ukipewa uraia ili ucheze kama mzawa, tulia kwanza. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili: ukichukua wa kwao kwa hiari, wa Tanzania unaupoteza. Hilo ni jambo la kulizungumza na wazazi sebuleni, si la kuamuliwa kwenye ofisi ya klabu.

Wazazi, ombi langu kwenu ni dogo. Msimwondoe mtoto shule kwa ajili ya mpira, na msimfungie mpira kwa ajili ya shule. Njia nyingi nilizozitaja zinamtaka awe na vyote viwili. Binti mpeni nafasi ile ile ya mwanaume, na mhojini wakala wake mara mbili.

Nawe kijana, wiki hii usinitumie video. Nenda kakague majina yako kwenye cheti cha kuzaliwa.